Dimanche kwa Mwendo wa Thelathini na Tatu

Papa Anaclet,

Nianze na lile baya kabla sijakusalimia vizuri, maana nikianza na salamu nitajikuta nimemaliza karatasi bila kulisema. Dimanche haikuibwa. Hakuna mteja aliyeibeba, haikusahauliwa kwenye harusi, haikupotea chini ya vitambaa. Mimi ndiye niliyeichoma. Mimi Solange, uliyenifundisha hata namna ya kushika mkasi, niliweka pasi ya makaa juu ya santuri yako.

Haya, nimesema. Ngoja nivute pumzi.

Ilikuwa ile wiki ya sare za kwaya, kitambaa kimejaa hadi mlangoni, na wewe ulikuwa umekwenda mtaa wa Golf kumpima suti yule mama wa villa yenye mbwa watatu. Santuri ulikuwa umeiacha juu ya meza ya kupigia pasi, ndani ya mfuko wake wa karatasi nyeupe, na pembeni yake palikuwa na shuka nyeupe ya pasi. Mimi niliona weupe tu. Nikatua pasi pale kama ninavyoitua kila siku, nikageuka kumjibu mtu aliyekuwa mlangoni. Harufu ndiyo iliyoniita. Nilipoinua pasi, Dimanche iliinuka nayo.

Niliibandua kwa kisu. Ilikuwa imejikunja, imetoa malengelenge. Niliizika kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba, nikamwaga majivu juu yake, nikanawa mikono kama muuaji. Uliporudi ukaiulizia, nikasema pengine kuna mtu ameiazima. Hukumshuku mtu yeyote, na hilo ndilo lililonimaliza. Ulisema tu, "Itarudia, mutoto wangu," ukavaa miwani ukaendelea na kazi. Na kule hospitali, siku ya mwisho niliyokuona ukiwa na akili zako, ulinishika kidole ukaniuliza, "Solange, ile disiki ilirudia?"

Nikasema bado, Papa.

Sasa nikupe habari za huku. Mama Vero, mjane wako sasa, amekaa kwenye kiti chako. Mashine haendeshi, kwa sababu mguu wake wa kushoto hautaki pedali, unajua, tangu baiskeli ya muuza makaa ilipomgonga. Lakini anashona vifungo, anapokea wateja, na akiona mshono wangu umepinda anakohoa kidogo tu, kama ulivyokuwa unakohoa wewe. Mlango tumeupaka rangi ya kijani, jina lako bado liko juu. Mashine yako nyeusi naendesha mimi. Wiki za kwanza ilinikatalia, uzi ukawa unakatika kila dakika, mpaka nikakumbuka ulivyokuwa ukinifokea, "Usikimbize kitambaa, kitambaa haina miguu!" Nikapunguza, ikanikubali.

Miezi mitatu kabla ya kutosha kilio, kumaliza matanga yako, familia ilikutana uani kupanga ile siku ya kuvua nguo nyeusi. Kaka zako walizungumzia turubai, viti, kwaya, nani atapika bukari na nani atanunua samaki. Mama Vero alisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Miye minataka kintu moja tu. Siku ile, Dimanche iimbe hapa mu lupango."

Wote wakanigeukia, kwa sababu mimi ndiye mtunza kasha la santuri. Nikasema nitaitafuta.

Kasha lenyewe unalijua kuliko mimi, lakini nikiliandika nakusikia ukilisimulia, kwa hiyo vumilia. Lile ulilopewa miaka ya tisini na yule injinia Mwingereza wa Golf, uliyekuwa unamshonea mashati, alipofunga mizigo kurudi kwao. Alikuachia santuri ishirini na tatu, na platine yake ya kuzipigia. Nyingi hazikuwa na jina, karatasi ya katikati nyeupe tupu, kwa hiyo mtaa mzima ukazibatiza. Lokomotive. Mvua ya Novemba. Bwana Harusi Amechelewa, ile ambayo kinanda kinalia peke yake muda mrefu mpaka watu wanachoka kuingoja ngoma. Juu ya kasha injinia alikuwa ameandika neno moja, Jungle, na wewe ukatangaza kwamba hii ni muziki ya pori. Kuanzia hapo, mtaa wetu wote wa Kamalondo ukajua kwamba ukitaka kusikia pori, nenda kwa fundi Anaclet.

Na Dimanche, yaani Jumapili, maana ilipigwa siku hiyo tu, baada ya misa, Mama Vero akiwepo. Upepo kwanza. Kisha ngoma zinakuja, nzito, zinajikwaa, zinasimama, zinajikwaa tena, kama mtu anayeshuka ngazi na gunia mgongoni. Chini yake besi, ile iliyokuwa ikitetemesha vifungo ndani ya kopo. Na halafu yule mzee anaanza kuimba. Sauti nene, imechoka, maneno mawili matatu ya Kiingereza tusiyoyajua, anayarudia na kuyarudia. Ulituambia, "Ule muzee alifiwa na bibi yake." Tuliamini wote. Mimi kuna Jumapili nilimlilia yule mzee, nikajifanya nimejichoma sindano.

Basi nikaanza kumtafuta. Binti wa mteja mmoja alinionyesha kwenye simu kundi la watu wanaopenda jungle ya zamani, kumbe ni jina la aina ya muziki, na ile waliyokuja kuiita drum and bass. Kazi yao ni kupendekezeana santuri. Mmoja anaingia anasema mimi mgeni, nianze na ipi, na wengine wanamrukia kwa mikono miwili. Nikaandika kwa Kifaransa, simu ikatafsiri: mimi ni fundi wa nguo, niko Lubumbashi, natafuta santuri ya jungle ya mwanzo kabisa, haina jina, inaanza na upepo, na kuna mzee anaimba.

Papa, nilidhani watanicheka. Kufikia mchana majibu yalikuwa mengi kuliko niliyoweza kuyasoma. Watu sijui sura zao, walikuwa wameacha kazi zao wananitafutia mzee wangu. Dereva wa basi mmoja aliandika akiwa kwenye mapumziko, kwamba kuna santuri ya upepo anayoifahamu, akifika nyumbani ataangalia. Mama mmoja wa nchi ya theluji aliandika ukurasa mzima juu ya wimbo aliousikia akiwa na miaka kumi na mitano, kwenye redio isiyo na kibali iliyokuwa ikirushwa kwa siri kutoka juu ya jengo refu. Alikuwa ameshika waya wa antena kwa mkono wake ili sauti isikatike, na hakulijua jina la wimbo huo mpaka alipokuwa na watoto wawili. Wanaume wawili waligombana siku mbili nzima juu ya sekunde mbili za ngoma, nani alizitumia kwanza. Na mapendekezo hayakuisha. Hii isikilize ukiwa umeketi. Hii usiisikilize ukiwa unaendesha gari. Hii, kama haikukutoa machozi, rudi uniambie, nitajua nimezeeka.

Nilisikiliza zote. Mchana, courant ya umeme ikiwepo, simu imefungwa kwenye spika yako kwa ule waya wenye plasta. Na hapo ndipo niliposhangaa mara ya kwanza, kwa sababu walinieleza jinsi muziki wenyewe unavyotengenezwa. Mtu anachukua santuri kuukuu ya watu wengine, mahali ambapo wapigaji wote wamenyamaza na mpiga ngoma amebaki peke yake, sekunde chache tu. Anazikata vipande vidogo, vidogo, halafu anavishona upya kwa mpangilio ambao hakuna binadamu mwenye mikono miwili angeweza kuupiga. Papa! Ni kazi yetu. Ni yale mablanketi uliyokuwa ukishona kwa mabaki ya suti, yale ambayo ulikataa kabisa kumwonyesha mtu unakoanzia. Niliacha kazi, nikasimama katikati ya chumba na tepu shingoni, nikasema kwa sauti, aliyefanya hivi ni fundi. Mama Vero akaniuliza ninaongea na nani.

Lakini hakuna aliyempata mzee. Na zote walizonitumia zilikuwa zinakimbia. Zinakimbia, Papa, mpaka unatafuta pa kujishikilia. Mimi sasa, kwa kichwa changu kigumu, unajua nilifanya nini? Niliwafundisha. Nikawaandikia kwa heshima zote kwamba hizo wanazopendekeza ni nzuri, lakini ni za baadaye, za vijana. Jungle yenyewe, ya mwanzo, ilikuwa ya polepole. Sisi huku Kamalondo tunayo kasha zima la ile ya kweli, na marehemu patron wangu, fundi aliyenifundisha, aliisikiliza miaka yote hiyo. Nikaongeza kwamba wao pengine walichelewa kufika.

Ilikuwa vurugu. Waliokuwa wakinisaidia wakaanza kubishana nami, wengine wakaanza kubishana wao kwa wao, na mmoja akasema pengine Lubumbashi kuna tawi la muziki ambalo dunia haijalisikia, na hilo lilinipa kiburi siku nne.

Siku ya tano nilikosa uvumilivu. Nikasema basi nitawaimbia. Nilikaa kwenye mashine yako, nikaweka simu mezani, nikapuliza upepo kwa mdomo, nikapiga zile ngoma kwa vidole juu ya ubao, nikaimba sauti ya mzee kwa ule unene wote niliouweza. Mama Vero alitoka nje ili asicheke mbele yangu. Nikaituma.

Siku mbili zikapita. Halafu akajibu mtu mmoja ambaye hajawahi kuandika hata mara moja. Anajiita Mzee wa Ghala, kwa sababu santuri zake zimejaa ghala zima na mke wake amemkataza kuzileta ndani. Aliuliza swali moja tu. Platine yenu inazunguka kwa mwendo gani?

Sikujua kwamba hilo ni jambo la kuulizwa. Akanifafanulia taratibu. Santuri huzungushwa kwa miendo miwili, mizunguko thelathini na tatu kwa dakika, au arobaini na tano. Nyingi kati ya zile za jungle ya mwanzo zilichongwa ili zizungushwe arobaini na tano. Kisha akanitumia ile sauti yangu mwenyewe, ila ameiongeza mbio. Nilisikia kifaranga kinaimba. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Na chini ya kicheko changu akawa ametuma kitu kingine, na maneno haya: ni hii?

Upepo. Ule ule, lakini unavuma kama mlango umefunguliwa ghafla. Halafu ngoma. Papa, sijui nikuambie vipi. Zile ngoma zetu zenye gunia mgongoni, zile zilizokuwa zinajikwaa kwenye ngazi, zilitua mzigo na kuruka. Kila mahali tulipodhani zinasita, kumbe zilikuwa zinacheza. Kati ya pigo na pigo, mahali ambapo sisi tulisikia mtu akitafuta pa kuweka mguu, kulikuwa na mapigo mengine madogo, mengi, safi, yakipangana kama mshono wa mashine. Besi ikabaki pale pale chini, inatembea kwa upole huku kila kitu juu yake kinakimbia. Vinyweleo vya mikono vilisimama. Nikashika meza.

Halafu mzee akaimba, na hakuwa mzee. Alikuwa msichana.

Msichana, Papa Anaclet! Mwenye miaka ishirini, labda hana. Sauti nyembamba, inang'aa, na hajafiwa na mtu yeyote. Ana furaha kiasi kwamba maneno hayamtoshi, ndiyo maana anayarudia. Miaka yote tuliyompa pole yule mzee, tuliyomwonea huruma na sahani za bukari mikononi, alikuwa msichana anayecheka ndani ya upepo. Niliisikiliza mara sita. Mara ya saba sikuweza, nilikuwa nalia, na sikulia kwa huzuni. Nililia kwa sababu kitu kile kilikuwa kikubwa kuliko nilivyokijua, na kilikuwa nyumbani kwetu muda wote, juu ya rafu, kati ya kopo la vifungo na chaki.

Ndipo ikaniingia hofu. Nikafikiri, basi Papa alikosea. Fundi aliyejulikana Kamalondo nzima kwa pori lake, miaka yote alipiga santuri vibaya, na mimi nimewatangazia watu wa dunia nzima. Siku ya kutosha kilio watakuja hata watu wa hoteli ya Karavia, na wale vijana wenye mitambo mikubwa ya muziki, nikiweka ile ya kweli kila mtu atajua kwamba hukujua. Nikiiweka ya polepole, nitakuwa nadanganya juu yako mara ya pili. Sikula siku hiyo.

Kesho yake nikafungua kifuniko cha platine nione kama imeharibika. Pale pembeni, unapojua, kuna kile kifungo kikubwa cha koti, cheusi, chenye matundu manne, kimebandikwa kwa gundi. Nimekifuta vumbi miaka minane. Siku zote nilidhani ni urembo wako tu, maana ulibandika vifungo kila mahali, hata kwenye kifuniko cha sukari. Nikakisukuma kwa ncha ya mkasi. Chini yake kulikuwa na swichi ndogo ya chuma. Upande mmoja 33, upande mwingine 45. Kifungo chako kilikuwa kimeifunga kwenye thelathini na tatu.

Nikaibeba platine yote mpaka kwa Mama Vero na kumwonyesha. Alitazama kile kifungo, akakigusa, halafu akacheka kile kicheko chake cha zamani, ambacho hatukuwa tumekisikia tangu uondoke. Akaniambia mambo ambayo hukuwahi kutuambia. Kwamba siku mlipokwenda Golf kuchukua kasha, injinia aliwapigia Dimanche kwenye baraza ya villa, mbio zake zote, na wewe ulisimama mdomo wazi. Kwamba yeye, aliyekuwa akicheza rumba mpaka viatu vinapasuka kabla ya ile baiskeli, alikutazama akasema, "Ile haiko yangu. Ile inaomba miguu mbili." Mlipofika nyumbani ulikaa na platine ile mchana kutwa, unaizungusha, unaizima. Halafu ukamwita jikoni, "Vero, kuya. Sasa iko ya miguu moja na nusu." Na mkacheza, hapo hapo kati ya sufuria.

Kesho yake ukabandika kifungo ili mtu asije akaigusa. Na yule mzee aliyefiwa ulimtunga mwenyewe, akasema, ulimtunga ili watu waache kuuliza kwa nini muziki umechoka.

Nilikaa sakafuni. Mimi nilikuwa nimeomba siku nzima watu wakusamehe kwa kutokujua! Ulijua. Ulisikia kitu kizuri kuliko vyote ulivyowahi kusikia, kwa mwendo wake wa kweli, mara moja tu, kwenye baraza ya mtu, na ukakiacha. Hukukisikia tena mpaka umekufa. Kila Jumapili ulikaa pale na miwani yako, ukijua yule ni msichana, ukijua ngoma zile zinaweza kuruka, na hukugusa kile kifungo.

Baada ya hapo nisingeweza tena kukaa na la kwangu. Nikamwambia Mama Vero juu ya pasi. Nilimwambia yote, shimo la takataka, majivu, na kidole changu ulichokishika. Nilitegemea anipige au anikumbatie. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliokota sindano, akatunga uzi, na alipoongea hakuniangalia. "Ungemwambia kule hôpital. Angecheka, Solange. Angecheka sana."

Hajasema zaidi ya hapo, na sijui kama atasema. Nimebeba maneno hayo tangu siku ile. Hakuna adhabu ningejitungia mwenyewe iliyozidi hiyo, kwa sababu ni kweli. Ungecheka. Ungekohoa, ungesema, "Pasi! Uliipiga pasi!" na ungecheka mpaka muuguzi aje. Ulikuwa na maumivu kila mahali, nami nilikuwa na kicheko chako mfukoni, nikakunyima kwa kujihofia.

Nikamwandikia Mzee wa Ghala. Nikamweleza kila kitu, injinia, mguu, kifungo, pasi, na nikamwomba atupigie santuri yake kwa thelathini na tatu, airekodi, atutumie. Alijibu kwamba kwa kawaida angekataa, kufanya hivyo kwake ni kama kuvaa koti ndani nje. Lakini siku iliyofuata rekodi ikaja, na barua ndefu. Anasema amekuwa na santuri hiyo miaka thelathini. Anasema ameipiga kwenye kumbi, kwenye gari, kwenye harusi yake. Alipoipunguza alisikia nyuma ya msichana mtu mwingine anavuta pumzi, mara mbili, na kiti kinalia. Hakuwahi kujua kwamba kuna kiti. Alimwita mke wake ghalani, mara ya kwanza kumwita kwa hiari yake, na wakaisikiliza wawili hao wakiwa wamesimama kati ya masanduku. Mwishoni aliandika: mwambie fundi wako kwamba mimi ndiye niliyechelewa kufika.

Siku ikafika. Turubai la buluu, kwaya, watu mpaka barabarani. Mama Vero alivua nguo nyeusi akavaa ile kitenge ya majani uliyoikata mwenyewe na hukuimaliza. Nimeimaliza mimi. Mkono wa kulia umekaa vizuri, wa kushoto si sana. Nikaiweka Dimanche, ya polepole, kwa sauti kubwa. Upepo ukapita juu ya ua. Wale vijana wa mitambo waliacha kuchezea simu zao. Mama Vero alisimama peke yake, akashika hewa mahali ambapo bega lako lingekuwa, akacheza, mguu mmoja na nusu, kila pigo zito likimngoja mpaka afike. Muziki wote ulimngoja. Sijawahi kuona kitu kama kile, na simjui mtu aliyewahi kupendwa hivyo. Kaka zako, wanaume wazima wale, walikuwa wakifuta macho na ncha za mashati.

Ilipokwisha alirudi kwenye kiti, akapumua, akanipungia mkono. "Sasa weka ile ya mbio. Batoto bacheze." Nikaiweka. Msichana wetu akatoka kwenye spika, na Papa, ua mzima uliruka. Mama Vero alikuwa akipiga makofi kwa mbio zile za kweli, bila kukosea hata pigo moja, na hapo nikajua kwamba naye alikuwa anaukumbuka wimbo ule kama ulivyo.

Siku hizi kule kwenye kundi mtu mgeni akiingia na kuuliza aanze na ipi, wanampa zile zao zote nzuri, na mwishoni kuna mtu lazima ataandika: halafu punguza mpaka thelathini na tatu, kama anavyosikiliza fundi wa Lubumbashi. Wanaandika hivyo watu wasiojua hata Lubumbashi iko wapi. Mimi sijapendekeza kitu chochote kingine.

Kifungo nimekirudisha kwa gundi mpya. Sasa nikuache upumzike. Sina cha kukuletea ila ahadi moja, na hiyo sikuingoja nimalize barua. Leo asubuhi nimekata vibaya mkono wa koti la yule mama wa Golf, kitambaa chake cha kutoka mbali, hakuna kingine. Alipoingia tu, kabla hajaketi, kabla hata mbwa wake hajaketi, nikamwambia. Alinitukana vizuri, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Mama Vero alikuwa kwenye kiti chako, akishona kifungo, na akakohoa kidogo.

Lala salama, patron wangu. Ingekuwa ni wewe unayerudi leo, nisingengoja hata ufike mlangoni.

Solange wako